TUSIWAHARAKISHE WANETU

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyemtoa mwanadamu tumboni mwa mama yake hali hajui lolote, kisha akamtia masikio na macho na moyo ili apate kujua na kushukuru. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Jambo ninalotaka kulizungumza leo ni dogo kwa kuliangalia. Huenda msomaji akasema: "Sheikh huyu amekosa la kusema hata azungumze habari za watoto wanaotambaa?" Namwomba astahamili kidogo. Mambo mengi yaliyo makubwa katika dini yetu huanza chini, mkekani, pale ambapo mtoto mchanga amelala kifudifudi na anajaribu kuinua kichwa chake.

Swali lenyewe ni hili: mtoto anapojifunza kugeuka, na kukaa, na kutambaa, na kusimama, yatupasa sisi wakubwa tufanye nini? Tumsukume ili afike upesi, au tumtengenezee mahali kisha tumngoje? Na ndani ya swali hilo mna jingine lililo kubwa zaidi: mtoto huyu ni wa nani?

KISA CHA KIGARI

Nitaanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe, kwani mtu hawezi kuwaonya wenzake kwa kosa ambalo yeye amelificha.

Miaka michache iliyopita mwanangu alipata mtoto wa kiume. Nyumba yetu imekabiliana na ya jirani, kichochoro tu ndicho kilicho katikati, na jirani naye alipata mtoto wa kiume mwezi ule ule. Basi watoto wawili hawa wakawa ndio mizani yetu. Wa jirani akageuka, wetu bado. Wa jirani akakaa kitako, wetu akikalishwa huanguka upande. Walipotimia miezi kumi na moja, wa jirani alisimama dede akaenda hatua tatu, na wanawake wakapiga vigelegele hata mimi nikavisikia nikiwa barazani. Wetu siku hiyo alikuwa akisota kwa makalio kutoka mlangoni mpaka penye mtungi, akipigapiga kifuu cha nazi sakafuni na kucheka peke yake.

Nikatamka neno ambalo hata leo nalijutia. Nilisema: "Huyu wetu ni mvivu." Nilisema mbele ya mama yake. Mkaza mwanangu ni mwana mwenye adabu. Aliinamisha uso wake asinijibu. Kesho yake nikaenda dukani nikanunua kile kigari cha plastiki chenye magurudumu, kilicho na kitambaa katikati ambamo mtoto hutiwa akaning'inia, vidole vya miguu vikigusa chini. Nilipokileta nyumbani mama mtoto alisema kwa sauti ya chini: "Baba, naona tungemwacha kidogo. Mwenyewe anahangaika, atafika inshallah." Nikamjibu: "Mwanangu, sisi tumelea kabla yako."

Siku ya tatu mtoto alikwenda na kigari chake kwa kasi ambayo miguu yake isingeweza kumpa. Akavuka kizingiti, akaanguka katika ngazi tatu za kushukia uani, na kigari kikamwangukia juu. Paji la uso lilipasuka, na hospitali alishonwa nyuzi nne. Mwenyezi Mungu alituepusha na lililo kubwa zaidi. Mama yake hakunilaumu hata kwa neno moja, na kunyamaza kwake kulinielemea kuliko lawama.

Usiku ule sikulala. Ikanijia hadithi ambayo nimeisomesha kwa zaidi ya miaka thelathini, nikaiona kana kwamba sijapata kuisoma.

KUNGOJA NA KUSHUKA

Imepokewa katika Sunan ya Annasai kwamba Mtume (S.A.W.) alitoka kwenda kuswalisha moja katika swala za jioni naye amembeba mjukuu wake, Hasan au Husein (R.A.). Akamweka chini, akahirimia swala. Alipofika katika sijida mojawapo aliirefusha mno, hata sahaba mmoja akainua kichwa kutazama kuna nini. Akamwona mtoto amepanda mgongoni mwa Mtume, na Mtume yungali amesujudu. Ilipokwisha swala watu waliuliza: je, kuna jambo lililotokea, au ni wahyi ulioshuka? Akawafahamisha kwamba halikuwa lolote katika hayo. Ila mtoto wake alikuwa amempanda, naye alichukia kumharakisha mpaka atimize haja yake.

Hebu tulifikiri jambo hili. Swala ni nguzo ya dini. Nyuma ya Mtume palikuwa na safu za wanaume wenye kazi zao na uchovu wao. Na haja ya mtoto ilikuwa nini? Kupanda, na kucheza, na kushuka mwenyewe atakapotosheka. Ilikuwa rahisi kumshika mkono na kumteremsha, na hapana ambaye angelaumu. Lakini aliye mbora wa viumbe alichukia kumharakisha. Nami, ambaye sina jamaa inayoningoja nyuma yangu, nilishindwa kumvumilia mtoto wa miezi kumi na moja kwa sababu ya vigelegele vya jirani.

Ipo na hadithi ya pili inayofaa kusomwa pamoja na hiyo. Mtume alikuwa juu ya mimbari akihutubu, wakaja Hasan na Husein wamevaa nguo nyekundu, wakitembea na kujikwaa. Akakata hotuba, akashuka, akawabeba, akawaweka mbele yake. Hakuwakemea kwa kujikwaa, wala hakuuliza mbona hawajajua kutembea sawasawa.

Basi mara moja alitulia akangoja, na mara nyingine alishuka upesi. Kwa hakika malezi yote ya mtoto mchanga yamo baina ya mambo mawili haya. Mtoto akiwa katika shughuli yake mwenyewe, tungoje. Mtoto akitaabika na kutuhitaji, tushuke. Kosa letu wengi ni kuyapindua: humwingilia akiwa ameshughulika kwa raha yake, na humwacha akilia kwa kuwa sisi tumeshughulika. Na Mtume (S.A.W.) alipokuwa akiswalisha akasikia kilio cha mtoto alikuwa akiifupisha swala, kwa kumwonea huruma mama yake. Swala ile ile iliyorefuka kwa mchezo wa mtoto ilifupika kwa kilio cha mtoto.

WALIYOYASEMA WATAALAMU

Msomaji asidhani kwamba kumpa mtoto muda wake ni habari mpya iliyotoka Ulaya. Tabibu mkubwa Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, ameeleza katika kitabu chake cha Qanun kwamba haifai mtoto kulazimishwa kukaa wala kutembea kabla maumbile yake mwenyewe hayajamsukuma kufanya hivyo, isije ikaingia kasoro miguuni na katika uti wa mgongo. Akaongeza kwamba anapoanza kukaa na kutambaa atandikiwe kitu laini, na viondolewe mbele yake vitu vya kuchoma na kukata, na azuiwe asianguke kutoka mahali pa juu. Naye Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 1350, katika kitabu chake cha Tuhfatul Mawdud kinachohusu hukumu za mtoto mchanga, alitahadharisha watu wasimtembeze mtoto kabla ya wakati wake, kwa kuwa miguu yake ni dhaifu na huweza kupinda. Kitabu hicho kimo katika kabati langu. Nimekifungua mara nyingi kutafuta hukumu za akika na kutia jina, na ukurasa ule nikaupita.

Hekima nayo haina mji wake. Huko Hungaria palikuwa na daktari wa watoto, mwanamke, jina lake Emmi Pikler, aliyezaliwa mwaka 1902 na kufariki mwaka 1984. Mwaka 1946, vita vikuu vilipokwisha, alianzisha katika mji wa Budapest nyumba ya kulea watoto wachanga waliokosa wazazi. Kanuni zake zilikuwa chache. Mtoto asiwekwe katika hali ambayo yeye mwenyewe hawezi kuiingia wala kuitoka: asikalishwe kabla hajajua kukaa, asisimamishwe kabla hajajua kusimama. Apewe nafasi sakafuni, na nguo zisizombana, na vitu vichache vya kuchezea. Na mlezi anapomwosha au kumvisha asimpeleke mbio kama mzigo, bali amsemeze na kumngojea ajibu kwa mwili wake. Mayatima wale waligeuka, wakatambaa, wakakaa, wakasimama, wakaenda, bila ya mtu kuwafundisha mambo hayo. Tuzingatie kwamba hawa walikuwa mayatima, na haki ya yatima kwetu Waislamu inajulikana.

Mwaka 2006 nalo Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya uchunguzi wa watoto wenye afya katika nchi tano: Ghana, India, Norwe, Marekani na Omani, ambako wengi wetu tuna jamaa. Walionekana watoto wazima wakikaa bila kushikwa wakiwa na miezi minne, na wazima vile vile wakikaa wakiwa na miezi tisa. Kutembea peke yao, wengine walianza wakiwa na miezi minane, na wengine miezi kumi na saba na zaidi kidogo. Na karibu watoto wanne katika kila mia hawakutambaa kwa magoti na viganja hata siku moja. Walipata njia nyingine. Kwa hiyo mjukuu wangu, aliyekuwa akisota kwa makalio akiwa na miezi kumi na moja, hakuwa mvivu wala mgonjwa. Alikuwa katikati ya njia ambayo Mola wake amemwekea, na babu yake ndiye aliyepotea.

Ama kile kigari, madaktari wameeleza kwamba hakimfanyi mtoto atembee mapema, na huenda hata kikamchelewesha, kwani humnyima sakafu anayohitaji kujifunzia. Na ajali zake, za ngazi na za maji moto, zimekuwa nyingi hata serikali ya Kanada ikavipiga marufuku mwaka 2004, visiuzwe wala visiingizwe nchini.

"MBONA SISI TULIKALISHWA?"

Najua bibi mmoja atasema: "Mbona sisi tulikalishwa baina ya mito, tukasimamishwa kwa mikono, na tumekua?" Neno lake ni la haki na linastahiki jibu.

Ni kweli kwamba mtoto akifundishwa huweza kukaa na kutembea mapema. Mwaka 1976 mtaalamu wa Kimarekani, Charles Super, alitoa uchunguzi wake juu ya Wakipsigis wa Kenya, ambao mama zao huwafundisha watoto kukaa na kutembea. Aliona kwamba watoto wale walitangulia katika yale waliyofundishwa, wala hawakutangulia katika kutambaa, ambako hawakufundishwa. Basi sisemi kwamba mafunzo hayana athari, wala sisemi kwamba mama anayemchezesha mwanawe mapajani na kumwimbia anatenda kosa. Mkono laini wa bibi unaomkanda mtoto kwa mafuta ya nazi ni rehema, na mtoto mwenyewe huonyesha kwamba amependa.

Ninalouliza ni hili: tunataka kutangulia ili tufike wapi? Mwenye miaka saba hapana amwulizaye alitembea akiwa na miezi mingapi. Faida ya kutangulia ni ya nani basi? Mara nyingi si ya mtoto. Ni ya baba anayetaka kusema barazani, ni ya bibi anayetaka kusikiwa arusini. Tumechukua mwili wa mtoto tukaufanya pambo letu. Na yule anayechelewa, mama yake huingia majumba ya watu akiwa na uso wa aibu, kana kwamba ameiba. Hapo ndipo jambo la malezi linapokuwa jambo la dhambi: tumejifakharisha kwa kisichokuwa kazi yetu, na tumemwumiza Mwislamu mwenzetu kwa kisichokuwa kosa lake.

MTOTO NI AMANA

Nabii Nuh (A.S.) aliwakumbusha watu wake kwamba Mwenyezi Mungu amewaumba kwa hatua baada ya hatua. Na katika Suratun Nur twafahamishwa kwamba viumbe wengine huenda kwa matumbo yao, wengine kwa miguu miwili, na wengine kwa minne. Mimi hutazama nikaona kwamba mtoto wa binadamu hupita mikao hiyo yote kwa mwaka mmoja na kitu: huburura tumbo, kisha akaenda kwa minne, kisha akasimama kwa miwili. Aliyempangia safari hiyo ni Mola wake. Sisi tumepewa amana, na mwenye kupewa amana hana ruhusa ya kuifungua na kuitengeneza apendavyo. Kazi yake ni kuihifadhi mpaka itimie.

Tazama mtoto aliyekalishwa baina ya mito kabla ya wakati wake. Ameinuliwa, watu wanamsifu, lakini hawezi kunyoosha mkono kuchukua kitu kwa hofu ya kuanguka, wala hawezi kushuka akalala. Ni mfungwa wa cheo alichopewa na wengine. Mtazame kisha aliyefika kukaa kwa juhudi yake mwenyewe: amegeuka mara mia, ameegemea kiwiko, ameanguka na kuinuka, na kwa hiyo anaijua njia ya kwenda na njia ya kurudi. Wa kwanza amewekwa, wa pili amefika.

Mimi ni mwalimu wa madrasa, na haya nayaona kila siku kwa wanafunzi wakubwa. Baba mmoja huja akasema: "Maalim, mvushe mwanangu, wenzake wameshafika juzuu ya pili." Nikimvusha, mtoto husoma kwa kufuata sauti za wenzake. Baba anasikia mwanawe anasoma, anafurahi, anafanya karamu. Lakini ukimfunulia ukurasa mwingine, ukaweka kidole juu ya herufi moja, hawezi kukuambia ni ipi. Ameshika sauti, herufi hakushika. Na yule aliyekaa kwenye irabu miezi minne, akirudia mpaka yeye mwenyewe akasema "sasa naona", huyo ukimfungulia msahafu popote atakwenda. Tabia hii ya kutaka kuonekana tumefika kabla hatujafika huanzia wapi? Nadhani huanzia pale mkekani, siku tulipomsimamisha mtoto ili wageni waone.

Wala kungoja si uzembe. Mkulima haivuti mche ili urefuke, wala hakai kivulini akangoja mavuno. Hupalilia na kumwagilia, kisha akamwachia Mwenyezi Mungu kuotesha. Hiyo ndiyo maana ya kutawakali.

YANAYOPASA KUTENDWA

Sasa ni ipi kazi yetu? Nitataja mambo machache ambayo kila nyumba yetu, ya tajiri na ya maskini, inaweza kuyatimiza.

Kwanza, atandikiwe chini. Mkeka au jamvi safi, juu yake shuka, mahali penye hewa. Achezapo avuliwe nguo nzito, miguu iwe wazi, apate kuijua sakafu kwa nyayo zake. Alalapo usingizi alazwe chali, kwani ndiyo salama zaidi. Lakini awapo macho na mtu yupo karibu alazwe kifudifudi mara kwa mara, mwanzo kwa dakika chache, ili shingo na mabega yapate nguvu. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto ambaye bado hajaweza kwenda apate kwa uchache nusu saa ya kulala hivyo kila siku, kwa vipande vipande. Akichukia, mama alale naye uso kwa uso. Wahenga wamesema mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Pili, mahali pasafishwe kabla ya mtoto kushushwa. Seredani ya makaa, birika la chai, mbuzi ya kukunia nazi, kisu, chupa ya mafuta ya taa, shanga, sarafu na kokwa, vyote viondolewe. Ndoo ya maji isiachwe wazi, na ngazi iwekewe kizuizi. Aliyeandaa mahali hivi anaweza kukaa bila ya kupiga kelele "wacha! usiguse!" kila dakika.

Tatu, apewe vya kuchezea vichache na vya kawaida. Kifuu kilicholainishwa, mwiko, kawa, kikapu kidogo, kipande cha kanga. Viwekwe mbali naye kidogo, si mkononi mwake, ili haja ya kuvitaka imwendeshe. Akihangaika kukifikia kifuu akagumia, tusimsogezee mara moja. Kugumia si kulia. Tungoje tuone. Lakini kugumia kukigeuka kuwa kilio, tushuke.

Nne, tusimfunge muda mrefu. Mama zetu wana kazi, na kumbeba mtoto mgongoni kwa kanga ni jambo jema linalomtuliza. Hata hivyo ushauri ule ule wa mwaka 2019 wasema asikae amefungwa, mgongoni au katika kiti, zaidi ya saa moja kwa mfululizo. Na jambo la kumtia kitini na kumwekea simu mbele ya macho ili anyamaze ni msiba wa siku hizi. Mtoto yule ametulia, ni kweli, lakini mwili wake umesimamishwa kazi.

Tano, na hili nawaambia wanaume wenzangu: tukae chini. Mtume (S.A.W.) aliswali naye amembeba Umama, binti wa binti yake Zainab, akisujudu humweka chini, akisimama humbeba. Ikiwa hayo yalifanyika ndani ya swala, ni cheo gani tulicho nacho sisi kinachotuzuia kukaa mkekani nusu saa baada ya Alasiri?

Sita, ndimi zetu zizuiwe. "Mvivu", "mzito", "mbona wa fulani ameshakwenda": maneno haya mtoto hayafahamu bado, lakini mama yake anayafahamu.

ANAYECHELEWA, NA ASIYEFIKA

Hapa yanipasa nihadharishe, nisije nikamdhuru mtu kwa nasaha yangu. Kumngoja mtoto si kufumba macho. Ikiwa miezi tisa imepita na hawezi kukaa, au mwaka na nusu umetimia naye hajaenda. Ikiwa mwili wake ni mlegevu mno au umekakamaa. Ikiwa hutumia upande mmoja tu. Au ikiwa alikuwa akiweza jambo kisha akaliacha, basi apelekwe kliniki bila ya kukawia. Tusitosheke kwa kusema ni kijicho, wala tusianze kumtafuta wa kumlaumu. Dua tuombe, na daktari tumwendee, kwani Mwenye kuumba maradhi ndiye aliyeumba dawa zake. Msaada ukija mapema hufaa zaidi.

Na wako watoto ambao hawatatembea kamwe. Nawajua katika mitaa yetu, na nyumba nyingine huwaficha wageni wajapo. Tukiwa tumezoea kumpima mtoto kwa hatua zake, huyu tutampima kwa nini? Amr bin al-Jamuh (R.A.) alikuwa kiwete sana, hata wanawe wakataka kumzuia asitoke kwenda Uhud, alitoka, akafa shahidi, na Mtume (S.A.W.) akamshuhudia kwa wema. Nyumba ambayo imejifunza kumtazama mtoto mchanga na kusema "huyu ana njia yake kwa Mola wake, na mimi ni mtumishi wa njia hiyo", nyumba hiyo haitamwonea haya mwana wao yeyote.

Mjukuu wangu alisota kwa makalio mpaka siku moja, akiwa na miezi kumi na sita, alishika ukingo wa mtungi, akainuka, akaachia mikono, akaja. Hapakuwa na mgeni, wala hapakupigwa kigelegele. Tulikuwa mimi na mama yake tu. Nilimwambia: "Mwanangu, nisamehe kwa neno langu." Akasema: "Nimekwisha kusamehe zamani, baba."

Leo yeye na mwana wa jirani huketi mbele yangu madrasani, bega kwa bega, na kibao kimoja. Wakiruhusiwa hutoka mbio, na kovu dogo pajini mwa mmoja wao ndilo pekee linalonijulisha yupi ni yupi kwa mbali.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kuhifadhi amana zake, atuepushe na haraka na fahari, na awafanye wanetu kuwa kitulizo cha macho yetu, duniani na Akhera. Amin.

Wabillahi taufiq.